Sauti Aliyoiuza Kishikwambi

Mdogo wangu huyo, tumenyonya ziwa moja, lakini nikimwona siku hizi nabadili njia. Watu wananiambia ndugu ni ndugu. Nawaambia wamchukue basi, wakae naye wao.

Mtaa mzima unamwita Kishikwambi, kwa ajili ya vile vidubwasha vya kioo alivyosambaza mashuleni. Zamani walimwita hivyo kwa heshima.

Mama yetu alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na hata alipostaafu sebule yetu haikupumzika. Mimi nashona sare upande wa dirishani, watoto wa majirani wanaimba silabi upande wa mlangoni. Alikuwa na namna yake. Mtoto akikosea, Mama humwambia taratibu, "Umekosea, siyo dhambi. Jaribu tena, mwanangu." Lakini mtoto akianza kubahatisha, anataja herufi ovyo akitumaini mojawapo ndiyo, Mama hugonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Hapo unanyamaza, unaliangalia neno upya, unalisoma kwa akili zako. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu wamesoma kwa maneno hayo na kidole hicho, mimi nikiwemo.

Kishikwambi naye alisomea ualimu. Alifundisha muhula mmoja akakimbia, eti vumbi la chaki linamdhuru kifua. Akakaa nyumbani akila na kulala, mpaka siku moja akamtazama Mama na wale watoto kama mtu anayetazama mbuzi wa kuuza. Kesho yake akatundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha kulala, akafunga dirisha, akamkalisha Mama mbele ya kinasa sauti. Mama anatoka jasho, anasoma silabi moja baada ya nyingine, na kila mara kidole kinagonga meza chenyewe.

"Mama, usigonge. Inaharibu sauti."

"Sasa mtoto atajuaje kwamba anabahatisha?"

"Mashine itajua, Mama."

Mashine haikujua kitu. Sehemu zote zenye kugonga alizikata, akabakiza ulimi mtamu peke yake.

Basi akaitia sauti ile kwenye vidubwasha vyake, akapanda. Wageni wenye vitambulisho shingoni wakaja, televisheni ikaja, akaitwa mvumbuzi. Akapanga ofisi ghorofani, viti vyekundu na vya njano kama vya chekechea, na sijawahi kuona hata mtoto mmoja amekalia. Akaanza kuongea puani. Kwenye mikutano alimpandisha Mama jukwaani akiwa na gauni nililomshonea mimi, akasema, "Huyu ndiye moyo wa kampuni," na Mama, maskini, akavimba kwa furaha. Kilemba cha ukoka kile. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama kwa kitinda mimba wake hakuwahi kujua neno hapana.

Mashuleni, walimu wa darasa la kwanza walihamishwa, pakawekwa msimamizi wa kuchaji. Watoto si wajinga. Waligundua upesi kwamba ukibofya jibu lolote, sauti ya Mwalimu inakubembeleza ujaribu tena, ukikosea mara tatu mashine inakuonyesha jibu yenyewe na kukupa nyota. Wakabofya wakapata nyota, na Kishikwambi akazichorea michoro akawaonyesha wageni wake. Na alijua. Msinidanganye kwamba hakujua. Kijana wake wa programu alimwambia mezani kwetu, nikiwa napakua chakula: "Bosi, watoto hawasomi, wanabofya tu."

"Nyota zinapanda, wewe unalalamikia nini?" akajibu, huku analamba mchuzi kwenye vidole. Siku ile ndipo nilipoanza kumchukia kwa dhati.

Za mwizi arobaini. Mkaguzi wa elimu alifika shule moja, wazazi wapo, akaandika ubaoni: Paka amelala. Akamwita binti mmoja mwenye nyota nyingi kuliko wenzake asome. Binti akasogea, akalibofya neno la kwanza kwa kidole, akangoja. Akalibofya tena. Mzazi mmoja alicheka, halafu akaona mwenzake analia, akaacha. Baada ya hapo shule zilirudisha vidubwasha kwa maboksi, na ofisi ikafungwa. Viti vile viko kwa kinyozi sasa.

Katika hayo hayo Mama akapata kiharusi. Mguu ulirudi kidogo, ulimi haukurudi. Kila kitu anaelewa, lakini neno halitoki. Nikamwomba mdogo wangu kitu kimoja tu: rekodi zile za sauti ya Mama, nimwekee ajisikilize, nasi tusimsahau alivyokuwa akisema. Akasema atanitafutia. Akanipiga chenga wiki baada ya wiki, mpaka sauti ikanifuata yenyewe.

Ilikuja na fundi wa kuchomelea wa jirani, mwanafunzi wa Mama wa zamani. Nilikwenda kwake na kitasa kilichovunjika, nikamkuta ameinamia simu, vigurudumu vya rangi vinazunguka. Kamari. Vikasimama, akakosa, na simu ikasema kwa sauti ya mama yangu mzazi, "Umekosea, siyo dhambi. Jaribu tena, mwanangu."

Kitasa kilinidondoka. "Unajua huyo ni nani?"

"Najua, dada. Ni Mwalimu." Akatabasamu kwa aibu. "Nilikuwa nimeshaacha. Lakini Mwalimu akikwambia jaribu tena, utakataaje?"

Nilikwenda kwa Kishikwambi bila kubadilisha nguo. Nikamkuta amejilaza, soksi mezani.

"Sauti ni mali ya kampuni, dada. Kampuni imeuzwa na vyake vyote. Mama mwenyewe alisaini."

"Alisaini kwa sababu ulimwambia ni za watoto."

"Na hawa nao si watoto wa watu?" akasema, akacheka. Akacheka, jamani. Nilimwambia aiondoe sauti ile huko, Mama asije akaisikia. Akaapa ataongea na walionunua.

Tangu hapo nikawa mlinzi. Redio nilizima, mgeni mwenye simu nilimpokea nje. Mama hana kingine kilichobaki ila jina la ualimu, nikasema hilo halitaguswa nikiwa hai. Lakini nyumba ina mlango, na mimi nina kazi. Jana nimezama kwenye cherehani, nasikia fundi anaingia, "Shikamoo, Mwalimu," anavuta kigoda karibu na kiti cha Mama kama alivyozoea zamani mchana akipumzika. Nilipoinua kichwa, simu ilikuwa tayari mkononi.

"Umekosea, siyo dhambi. Jaribu tena, mwanangu."

Mama akageuza shingo. Alitazama simu, akamtazama fundi anavyobofya, na nikaona uso wake unaelewa yote kwa mara moja. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akainua mkono wake ulio mzima, akagonga mkono wa kiti mara mbili.

Fundi hakuinua macho.

Akagonga tena.

"Jaribu tena, mwanangu," ikasema simu.

"Ndiyo, Mwalimu," akaijibu, akabofya.