Mtoto Niliyemwokoa Copenhagen

Wateja wangu wa saluni hapa Hillbrow, Joburg, wameziona picha zangu za Copenhagen, nimekaa kando ya maji nalamba aiskrimu kama malkia. Hiki kisa sijawaambia.

Nilikuwa natembea peke yangu, raha tupu, nikaona kigari cha mtoto nje ya mgahawa. Ndani yake mtoto amelala, mama hayupo. Eish, huyu katupwa! Hillbrow hata ndoo hatuiachi nje, sembuse mtoto. Nikambeba. Akaamka, akaangua kilio.

"Nyamaza baba, shangazi yupo," nikambembeleza, shujaa mimi, kisha nikawageukia wapita njia kwa Kiingereza changu cha Joburg: "Mama yake yuko wapi? Hamna huruma nyie?"

Mlango wa mgahawa ukafunguka. Akatoka dada mmoja na kikombe chake cha kahawa.

"Mama yake ni mimi," akasema kwa upole. "Nilikuwa hapo dirishani. Huku watoto tunawalaza nje, wapate hewa safi."

Akanyoosha kidole nyuma yangu. Kando ya ukuta vilikuwa vimepangwa vigari vingine vinne, na watoto waliomo wote walishaamka kwa kelele zangu, wanalia.