Mama Ikram, fundi wa Tukuyu anayesikiliza pikipiki kwa taya

Saa mbili asubuhi mvua inaacha kupiga mabati, na Mwanabibi Yunusu haipotezi nafasi hiyo. Anainua mkono juu kama trafiki.

"Kimya jamani! Nani ana redio? Zima."

Madereva bodaboda sita waliojibanza wasilowe wananyamaza. Mbele yao pikipiki kubwa ya safari, ya kizamani, inanguruma taratibu, silinda zake mbili zimetokeza huku na huku kama masikio ya ng'ombe. Mwanabibi anachuchumaa, anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye silinda ya kulia na kuegemeza mpini wake kwenye taya, chini kidogo ya ushungi. Anafumba macho. Anahamia silinda ya kushoto, anasikiliza tena, kisha anasimama na kujifuta mikono.

"Hapa ilipo haina neno," anasema. "Inatusubiri mlimani."

Gereji yake haina hata kibao. Ni nguzo nne na paa la bati, hatua chache kutoka sokoni Tukuyu, lakini ukimuuliza mtu yeyote anayeendesha pikipiki kutoka Ikuti hadi Isongole alipo Mama Ikram, atakuelekeza huku akikusimulia jinsi alivyomtengenezea. Ana miaka 39, ni mama wa watoto watatu, Ikram akiwa wa kwanza, na huu ni mwaka wake wa kumi na nne wa kutengeneza pikipiki.

Ufundi aliuanza utotoni kwa baba yake, mzee Yunusu, aliyekuwa akitengeneza baiskeli sokoni hapo hapo. Pikipiki zilipokuja kuzizidi baiskeli, binti akahamia kwenye injini. Mwanzoni wateja walikuwa wakifika, wanamwangalia, kisha wanauliza fundi yuko wapi.

"Nilikuwa nawaambia keti, anakuja," anasema akicheka. "Mtu anakaa, anaagiza chai, anasubiri. Mimi nafungua, natengeneza, nafunga, nawasha. Namwambia, haya, fundi ameshaondoka, nilipe mimi."

Msimu wa viazi, bodaboda zinaposhusha magunia kutoka Isongole, siku nzuri humwingizia hadi Sh30,000. Siku za mvua, na Tukuyu inajua kunyesha, huweza kurudi nyumbani na hela ya mboga tu. Kinachomuuma zaidi ni kelele. "Mimi natibu kwa kusikia. Mvua ikishika hilo bati, hata ukinipigia ngoma sikioni siisikii. Nakaa naiangalia pikipiki, nayo inaniangalia."

Pikipiki ya asubuhi hii ni ya mzee Asajile Mwalwisi, 68, bwana mifugo mstaafu. Aliinunua mwaka 1996 kwa daktari wa mifugo wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, akaipa jina la Dume, na kwa miaka mingi akazunguka nayo wilaya nzima akichanja ng'ombe wa watu. Kwa miaka mitatu sasa Dume lina ugonjwa. Likipanda mlima polepole, ndani ya injini husikika mlio wa kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Likikimbia, mlio hupotea.

Mafundi watatu wamekwisha kulishika. Mmoja alibadilisha valvu, mwingine akabadilisha oili na kumwombea heri. Wa tatu, wa Mbeya, alitaka kuifungua injini yote kwa bei inayozidi ile aliyonunulia pikipiki yenyewe. Mzee akakata tamaa, akapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu. Leo ni Alhamisi. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Tatizo ni Bi Esnath. Mwezi huu yeye na mzee Asajile wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, na alikwishaahidiwa kupelekwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Dume, kama walivyokwenda mwaka ule lilipoingia nyumbani. Watoto wamejitolea kukodi gari.

"Nimewaambia gari wapande wao," Bi Esnath anasema kwa simu, na sauti yake inasikika hadi barabarani. "Mimi nilichumbiwa na mtu mwenye baiskeli, nikazeeka na mtu mwenye pikipiki. Kwenye gari nitamshika nani kiunoni?"

Kwa hiyo Mwanabibi ana siku mbili.

"Dada, hiyo ni pistoni," anasema Jairo, fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, ambaye amevuka kuja kushuhudia. "Fungua injini, tusipotezeane muda."

Mwanabibi anakaza ushungi. Anapanda nyuma ya mzee, suruali ndani ya gauni, bisibisi mkononi, na kumwambia aendeshe kama anavyoendesha siku zote. Wanateremka upande wa Masukulu, wanageuza, wanaanza kupanda. Mzee Asajile, kama waendeshaji wengi wa huku, anang'ang'ania gia ya nne mlimani ili kuokoa mafuta. Kokoto zinaanza.

"Shusha gia," fundi anaamuru. Kimya. "Rudisha." Kokoto. Wanapanda kilima kile mara tatu, na mara ya tatu akina mama waliojitwika ndizi wanawapungia mkono kama wanaopungia maharusi.

Wakirudi gerejini fundi anaanza kuondoa shaka moja moja. Anamwaga petroli ya chupa ambayo mzee hununua njiani na kutia ya kituoni, kisha wanarudi mlimani. Mlio umepungua kidogo lakini upo. Anafungua plagi, anaziona nzuri. Anapaka povu la sabuni kwenye mipira ya kabureta kutafuta pa kuvujia hewa, hapavuji. Hapo anakaa chini na kuwaeleza waliosimama anachokifikiria.

"Pistoni na cheche inayowasha petroli ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja," anasema. "Mwenzio anainua, wewe unashusha. Ukiwahi, michi inagongana. Cheche ya Dume inawahi. Injini ikikimbia, kuwahi ni sawa, ndivyo ilivyoundwa. Ikienda polepole inatakiwa isubiri, na hii haisubiri."

Kinachoisubirisha cheche ni springi mbili ndogo nyuma ya kifuniko cha mbele, mahali ambapo fundi mwenye haraka hafiki. Mwanabibi anafungua skrubu, anavuta kifuniko, anamulika kwa tochi ya simu.

Kisha anaisogeza tochi karibu zaidi.

Springi moja ni nene, ya kiwandani. Ya pili ni nyembamba, imelegea, na ncha yake imekunjwa kwa koleo kuelekea kushoto. Katika mafundi wa Tukuyu, anayetumia mkono wa kushoto ni mmoja tu.

"Ule mkunjo niliutambua," atasimulia baadaye. "Nilijua pale pale. Ile springi niliiweka mimi. Nikamwangalia Jairo, nikawaangalia wale vijana, wote wateja wangu. Nikasema, Mwanabibi, ukiifumba mkononi hakuna atakayejua. Utaweka nyingine, utasifiwa, utalipwa. Niliona aibu."

Hakuifumba. Anaichomoa, anaiweka kwenye kiganja na kumnyooshea mwenye mali.

"Mzee, naomba unisamehe. Hii ni springi ya kalamu. Niliifunga mimi, miaka minane iliyopita. Ulikuwa unawahi Ikuti, ng'ombe anashindwa kuzaa, springi ikakatika hapa hapa. Nikakutengenezea hii ya kukufikisha. Nikasahau, nayo ikazidi kulegea mwaka hadi mwaka, hadi kokoto zikaanza. Mafundi wote wale wamekula hela yako kwa kosa langu."

Gereji inalipuka kwa vicheko. Dereva mmoja, Ackson, anasema kwa sauti kwamba kama mambo ndiyo hayo, yake anaipeleka kwa Jairo, na kweli anaisukuma kuvuka barabara. Mwanabibi anamtazama akienda. Kisha anamgeukia mzee tena.

Mzee Asajile amevaa miwani. Anaigeuza springi ile, anaisogeza karibu na pua.

"Kalamu ilikuwa ya nani?"

"Yako, mzee. Ilikuwa mfukoni mwako."

"Mwe!" Mzee anacheka hadi anashika tanki la Dume asianguke. "Ile kalamu ya idara niliitafuta wiki nzima! Na wewe uliniambia nini siku ile?"

"Nilikuambia kesho urudi, nikuwekee ya kweli."

"Nami sikurudi. Dume lilikuwa linakimbia kuliko mwanzo, nikasema huyu binti ana dawa, nirudi kufanya nini? Kosa tugawane. Na yule ng'ombe alizaa mapacha. Funga springi, Mama Ikram."

Jairo haondoki. Anamsogelea fundi na kusema polepole, "Dada, mimi nisingesema."

Springi ya kweli haipatikani Tukuyu. Mwanabibi anampigia Muddy, muuza spea wa Mbeya, naye anatuma kwa basi mfuko wa springi ndogo zilizotolewa kwenye injini za magari ya zamani. Ijumaa mchana fundi anagonga misumari miwili ukutani. Kwenye mmoja ananing'iniza springi nzima ya Dume, kwenye wa pili anajaribu za Muddy moja baada ya nyingine, kila moja akiitundikia spana ile ile, hadi anapopata inayovutika sawasawa na mwenzake. Ni ya kumi na moja.

Jioni wanarudi kwenye kilima cha Masukulu. Gia ya nne, polepole, mafuta kidogo. Mwanabibi nyuma, bisibisi kwenye taya. Wanapanda hadi juu bila kokoto hata moja, na mzee anaanza kuimba pambio kwa Kinyakyusa huku abiria wake akimsihi aangalie mbele.

Malipo fundi alikataa. Mzee alimwachia kwa nguvu Sh20,000, akidai ni za kupanda mlima.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika na gari lake akakuta Bi Esnath ameshampanda Dume, ndoo ya chakula imefungwa nyuma, koti limefungwa hadi shingoni. Mzee alimwomba radhi, akampa mkungu wa ndizi wa kumpoza, wakaondoka.

Jumatatu asubuhi mwandishi anawakuta gerejini, vumbi la Kyela, iliko Matema, bado liko kwenye matairi. Safari hii mzee Asajile ameambiwa arudi, naye amerudi. Mvua inapiga bati, hakuna kinachosikika, kwa hiyo watu wanakunywa chai na kusubiri.

"Ndaga fijo, mwanangu," Bi Esnath anamshukuru fundi kwa kupaza sauti. "Ila sasa injini imenyamaza, namsikia mume wangu anavyoimba njia nzima. Ungebakiza kokoto kidogo."

Ndoto ya Mwanabibi ni kupiga dari la mbao chini ya bati hili, ili mvua isimnyang'anye masikio. Zinahitajika mbao arobaini, ameshanunua kumi na tatu. Lakini kuna jambo analotaka kulimaliza kwanza. Ukutani, karibu na msumari unaoning'iniza springi ya kalamu, ameegemeza ubao mweusi. Amekaa Jumapili nzima akikumbuka kila mteja aliyewahi kumfungia kitu cha kumfikisha tu, waya mahali pa boliti, mpira wa baiskeli mahali pa mpira wa injini, na kumwambia arudi kesho. Yamepatikana majina matano. La kwanza ni la Asajile.

Mvua inapokatika anawasha Dume, anasikiliza kulia, anasikiliza kushoto. Anatikisa kichwa kwa kuridhika na kumkabidhi mzee kitambaa.

Mzee Asajile analifuta jina lake mwenyewe, kisha anasoma yaliyobaki. "Na hawa wanne?"

"Hawajarudi," Mwanabibi anasema, akifunga spana zake kwenye begi. "Wa karibu yuko Isongole. Huyu nampitia leo, kabla mvua haijarudi."

Kisha anapiga kiki pikipiki yake. Anapopita mbele ya gereji ya Jairo, Ackson, aliyekaa kwenye benchi akisubiri kutengenezewa, anasimama na kumuuliza atarudi saa ngapi.