Pipa la Asahel Trowbridge

Kila alipoingia katika nyumba, iwe yake au ya mwenzake, Asahel Trowbridge alichovya kwanza kidole kwenye ndoo iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, aone kama ina maji. Lovina, binti yake aliyemtunzia nyumba tangu mama yake afariki, alikuwa akiona haya mbele za watu. Mwishowe alizoea.

Kabla ya kuwa na tabia hiyo, Trowbridge alikuwa meya wa Pennock, fundi mapipa, na nahodha wa Tai. Mji ulikuwa na vikosi viwili vya kujitolea vya kuzima moto, Tai na Nyota, na mwanamume asiyekuwa na kikosi hakuhesabiwa. Sifa yote ilikuwa kuwa wa kwanza kumwaga maji. Kengele ikilia, kila kikosi kilimtanguliza mtu mwenye mbio akalifunike bomba la maji la barabarani kwa pipa na kulikalia, kikosi kingine kisilipate, mpaka wenzake wafike na gari lao. Pipa la Tai, lisilo na kitako, aliliunda Trowbridge mwenyewe. Lovina alilipaka rangi nyekundu.

Asubuhi moja ya Februari duka la mikate la Ephraim Lunt lilishika moto. Jotham Sears, shemeji yake Trowbridge, akawahi kulikalia pipa. Nyota wakatokea.

"Ondoka hapo, bata we! Unaatamia nini?"

"Njooni mnishushe, kama mna mikono!"

Wakamshusha. Tai nao wakafika, ngumi zikachanganyika, na paa lilipoanguka, meya alikuwa katikati ya ugomvi, damu ikimtoka puani. Lunt alikuwa amerudi ndani kumtoa mama yake. Hawakutoka.

Baada ya mazishi Trowbridge alitaka vikosi vyote viwili vivunjwe, mji uajiri kimoja. Wakamwambia sheria ya jimbo hairuhusu.

"Basi nitaibadilisha," akasema.

Jotham alikuja nyumbani, akakataa kiti.

"Shemeji, lile pipa uliliunda wewe. Leo umekuwa mchungaji?"

"Nililiunda mimi. Ndiyo maana sinyamazi."

"Umeya tulikupa sisi."

"Uchukueni."

Wakauchukua. Mitaani wakamwita Meya wa Ndoo. Wanaume waliozoea kujaa jikoni kila Jumapili kula maharage na nyama ya nguruwe hawakuja tena. Lovina aliendelea kupika chungu kikubwa majuma mengi, kisha siku moja akakipandisha darini.

Baba yake akagombea ubunge wa jimbo. Mji ulimnyima kura. Wakulima wa pembezoni, wasio na Tai wala Nyota, wakampa. Majira ya baridi yote alikuwa makao makuu ya jimbo akiutetea muswada wake. Theluji ilipoyeyuka alirudi na viatu vimelowa, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo.

"Wameuangusha, Baba?"

"Wameuangusha. Nishonee koti, narudi."

"Hapa hakuna atakayekushukuru."

"Sijamwomba mtu."

Wakauangusha tena. Muswada ulipitishwa mwaka uliofuata, baada ya ghala la spika mwenyewe kuteketea huku vikosi vya kwao vikitwangana mlangoni. Pennock ikaajiri watu na kununua farasi. Jotham alihama benchi kanisani, na hakumsalimia shemeji yake tena.

Uzee ulipomlaza Trowbridge, asiweze kufika jikoni, Lovina alimwekea ndoo kando ya kitanda. Siku moja mchana kengele ikalia. Mzee akainua kichwa.

"Magari mangapi?"

Lovina akachungulia dirishani. Farasi wawili walipita mbio na gari lao, watu wake kimya. Mjomba Jotham, na mkongojo wake, alisogea ukingoni mwa barabara akawapisha.

"Moja, Baba."

Akakirudisha kichwa juu ya mto.

"Basi funga dirisha, moshi unaingia."