Ngumi Msibani kwa Baba

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Bagamoyo, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuuliza: muscular, burly na sturdy, si zote ni mtu mwenye nguvu? Namjibu kwamba wa kwanza ni wa misuli, wa pili ni pande la mtu, wa tatu ni yule asiyeyumba. Moyoni namwona kaka yangu.

Kaka ni mtu wa miraba minne. Mwili ule ameutengeneza kwa kunyanyua vyuma huko Dar, na ndio unaompa kazi ya ubaunsa. Siku ya kumzika baba kijijini kwetu Kerege alikuja na fulana ya kubana, akaniudhi tangu asubuhi.

Jeneza lilipotoka mlangoni, mtani wa baba, mzee wa Kinyamwezi, mwembamba kama ufito, alijilaza njiani. Kwetu watani ndivyo walivyo: wanazuia maiti, wanawatukana wafiwa, mnacheka huku mnalia, kisha wanapisha.

"Marehemu kachimba visima Kerege nzima kwa mikono yake," akapaza sauti. "Huyu mwanawe kajazwa upepo! Akibeba jeneza atapasuka!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kaka, aliyelelewa mbali na mambo haya, alimwinua mzee kwa ukosi wa kanzu akampiga ngumi ya mdomo. Nikasikia meno yakivunjika. Akampiga tena na tena, mzee yuko chini, damu inaingia mchangani miguuni pa wabeba jeneza. Wanaume walimng'ang'ania wakashindwa. Nilikimbilia jikoni nikarudi na mwiko wa ubwabwa, nikamtandika nao kisogoni. Nilimchukia, nilitaka aanguke.

"Muache! Utamuua mtani wa baba!"

Akapiga magoti.

Baada ya maziko alijifungia chumbani akingoja polisi. Hawakuja. Mtani hashtaki, na anayekasirikia utani aibu ni yake. Kaka akakonda.

Siku ya arobaini mzee alikuja, taya limepinda, meno ya mbele hayapo. Akaenda moja kwa moja hadi alipokaa kaka.

"Bado hujapasuka tu?" akasema kwa shida.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kaka alisimama, akainua mkono. Mzee hakurudi nyuma hata kidogo. Kaka akajifunika uso kwa mkono ule mnene, akalia kwa sauti. Mzee akabaki amesimama palepale, akimngoja amalize.