Kofia ya Mgeni Rasmi

Mtani wangu ni mama wa Kinyamwezi aliyezaliwa kambini, upande wa Ngombezi, katika nyumba za vibarua wa mkonge. Mimi ni Mzigua. Baba yangu alitoka Kwaluguru, Handeni, akaja kufanya kazi kwenye banda la kupigia brashi singa, zile nyuzi za mkonge zilizokaushwa. Mama huyo amenizidi umri kiasi cha kuweza kunizaa, kwa hiyo adabu inanitaka nimwamkie kila tukikutana, nami namwamkia. Anavyoitikia ni jambo jingine.

"Marahaba, Mzigua. Mvua imekataa tena Handeni? Naona umekuja na kapu."

"Nimekuja kuuliza kama mmeikumbuka njia ya kwenu. Mlipewa mzigo mpeleke pwani, mkautua hapa mkajifanya mmechoka."

"Tumechoka kuwalisha nyinyi."

Asiyetujua angedhani tuna kesi. Utani wa makabila yetu haya mawili ni wa zamani kuliko mkonge, lakini mkonge ndio ulioupa kazi huku kwetu. Wanaume waliletwa makambini kutoka mbali, mmoja mmoja, bila mama wala shangazi. Mtu akifa, nani atamlilia? Nani ataziba pengo la ukoo? Alitafutwa mtani. Mtani alichimba kaburi, alichota maji, aliwapikia waombolezaji, na juu ya hayo alikuwa na ruhusa ambayo ndugu hana: kumcheka marehemu.

Baba yangu alipofariki, mama huyu alivaa koti kuukuu la marehemu, akavuta mguu kama baba alivyokuwa akiuvuta, akaanza kutukemea sisi watoto kwa sauti ya baba. Jeneza lilipoinuliwa, alilala kifudifudi mlangoni. Halipiti, alisema, mpaka Wazigua wamkomboe huyu mzembe wao. Baba mdogo alimpa kanga mpya, mama akaipima upana kwa mkono, akasema fupi, hata mbuzi haimfuniki. Nilicheka siku ya kumzika baba yangu. Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza huzuni, vingine nimevirudia, na sijapata katika hivyo dawa iliyo bora kuliko ile.

Ninaeleza haya kwa utaratibu kwa sababu niliwaeleza hivi hivi watu waliotualika Korogwe mjini, na hawawezi kusema hawakuambiwa.

Korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, ilinyamaza kambini kwetu zamani. Vyuma vilikatwa vikauzwa. Zilibaki nyumba, uwanja wa kuanikia singa na jengo moja tunaloliita klabu, ambalo wafanyakazi walilitumia kwa dansi na ngoma siku za Jumapili. Lina sakafu ya saruji na jukwaa dogo. Mlango umefungwa miaka mingi. Kikundi chetu cha ngoma na utani, ambacho kiongozi wake ni huyo mtani wangu na mimi ni katibu, kiliomba kwa muda mrefu kukabidhiwa klabu hiyo. Wanakikundi wengi ni watu wazima, na masika hatuna pa kufanyia mazoezi.

Kamati ya tamasha la utamaduni ndiyo iliyopewa usimamizi wa jengo. Ikatupa sharti: tuonyeshe "utani wa makambini" mbele ya mgeni rasmi, na tukifanya vizuri funguo ni zetu. Tulikubali. Kijana wa kamati aliyekuja kutuona mazoezini alikuwa mpole, mwenye haraka.

"Mzee wangu, hii itanoga," aliniambia. "Tunataka msiba kabisa. Tutaleta jeneza na sanda."

"Sanda hatuchezei," mtani wangu akasema. "Leta singa, tuzifunge, tuzifunike kanga. Maiti wa mkonge anatosha."

"Sawa, mama. Kwa hiyo mtaigiza mnatukana, eti?"

Nilimwambia kwamba mtani haigizi. Akimwona mtani wake, anamtania. Haijalishi yuko jukwaani au sokoni. Nilimwambia mara mbili. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali, akaniuliza kama tuna sare.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Watu wa Mpale walikuwapo, wa Handeni walikuwapo, wenye maduka wa mjini walikuja na viti vyao. Mshereheshaji alimkaribisha mgeni rasmi kwa maneno marefu, na ndani ya maneno hayo akasema, tena kwa kujivuna, kwamba huyu ni mtoto wa Handeni, Mzigua halisi, mwenye kofia ya babu yake. Nilimtazama mtani wangu pembeni ya jukwaa. Alikuwa amekwisha kuinua shingo.

Tulianza. Maiti wetu wa singa alibebwa, wanawake wakalia, watu wakacheka. Wakati wa kulizuia jeneza ulipofika, mtani wangu hakulala jukwaani kama tulivyofanya mazoezini. Aliteremka ngazi, akaenda moja kwa moja mstari wa mbele, akainyanyua kofia ya mgeni rasmi kichwani, akaivaa yeye.

"Huyu maiti ni Mzigua," alisema, "na Mzigua huyu hapa amekuja msibani mikono mitupu, amekalia kiti kizuri. Haendi mtu makaburini mpaka kofia ikombolewe."

Uwanja ulilipuka. Watu wa Handeni walianza kuimba, "Komboa! Komboa!" Kila mtu pale aliyelelewa na watu alijua mgeni afanye nini. Angetoa leso. Angetoa peremende mfukoni. Angeweza hata kusema, "Mnyamwezi, kichwa chako kidogo, kofia yangu imekumeza," na hilo lingekuwa malipo tosha. Mgeni alitabasamu kidogo, akatazama kushoto na kulia, na katika kule kutazama wakaja mgambo wawili. Walimshika yule mama mikono yote miwili. Mmoja alimvua kofia kwa nguvu, kilemba kikatoka nayo.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti. "Samahani sana mheshimiwa. Wasanii wetu hawa wa vijijini wakati mwingine wanajisahau."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi na sijaona namna ya kuyapunguzia uzito. Wanajisahau. Mtu pekee uwanjani aliyekumbuka yeye ni nani, na aliyeketi mbele yake ni nani, alikuwa yule mama aliyesimama kichwa wazi kati ya mgambo wawili. Waliotaka utamaduni wetu waliupangia muda, sare na mahali pa kusimama. Ulipowagusa, wakauitia mgambo.

Baada ya siku chache kamati ilituita. Mwenyekiti alisema klabu bado tunaweza kuipata, ila mama aombe radhi mbele ya kamati, radhi ifikishwe kwa mgeni. Niliomba muda kidogo, nikatoka. Nilirudi na jogoo niliyemwacha kwenye baiskeli, maana nilikuja nimejiandaa. Nikamweka mezani, miguu imefungwa.

"Nini hiki?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ni Mzigua. Nimekuja kuikomboa kofia ya ndugu yangu. Mzigua yeyote anaweza kumlipia mwenzake. Mama akipokea, jambo limekwisha."

"Mzee, hatukuita watu kuleta kuku. Tunahitaji radhi."

"Mtani haombi radhi kwa mtani. Akiomba, utani umekufa, na jengo mnataka kutupa la nini?"

"La sanaa," akasema yule kijana mpole.

Nilijua mtani wangu anapima nini. Wenzetu wa kikundi walikuwa wamemsihi asubuhi ile aombe tu, ni maneno, yaishe, tupate paa. Alimtazama jogoo, akamtazama mwenyekiti, akaniambia kana kwamba hakuna mwingine chumbani:

"Mzigua, jogoo mwenyewe amekonda, kama mlivyo wote. Mchukue twende. Hawa hawajafiwa na mtu."

Tukaondoka. Nje wenzetu walisimama kutusubiri, na mmoja wao, aliyepiga ngoma kubwa tangu tulipoanza, aliposikia hatukuomba radhi aliondoka bila kutuaga. Hajarudi kikundini, wala simlaumu.

Klabu ilifunguliwa mwezi uliofuata. Wamepewa vijana wachekeshaji wa mjini, hodari kwa kweli, wanaoigiza utani wa Mzigua na Mnyamwezi kwa maneno waliyoyakariri. Mlangoni kuna bango lenye picha ya mwanamke aliyevaa koti la mwanaume. Sisi tunafanya mazoezi uwanjani, palipokuwa pakianikwa singa. Mvua ikinyesha, tunakwenda nyumbani.