Mke Mwenza wa Mama

Mama yangu alifariki Wete, Pemba, Jumatano asubuhi, mimi nikiwa dukani Mayfair, Johannesburg, nakata kitambaa cha buibui. Dada yangu hakusalimu hata kidogo kwenye simu. "Mama katutoka. Tunamzika baada ya adhuhuri."

Nilijua sitafika. Hata alipoanza kuugua sikwenda. Kibali changu kilikuwa kimekwisha, na anayetoka Johannesburg bila kibali harudi tena. Nilikuwa na binti wa miaka tisa, aliyezaliwa hapahapa.

Wiki moja kabla, mama alitaka kuongea naye. Nikaweka simu katikati yetu.

"Mke mwenzangu," mama alimtania, sauti imekonda, "waja lini?"

Binti yangu akanitazama, akanijibu kwa Kiingereza: huyu bibi hamjui, amwambie nini?

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema anakupenda, mama. Atakuja Idi."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie n'tamwekea shokishoki mbivu."

Siku ya maziko, dada aliniachia simu wazi pale uani. Nikasikia wanawake wakilia, kisha wanaume wakinyanyua jeneza na shahada ikienda mbali, mbali, mpaka nikabaki na sauti ya kuku. Mama wa Kisomali mwenye duka akafunga mlango, akaniondolea mkasi mkononi. Kiswahili chake kidogo. "Lia," aliniambia. "Lia, dada."

Jioni dada alipiga tena. Alisema siku zile za mwisho mama aliwaeleza wote waliokuja kumtazama kwamba mjukuu wake anakuja Idi. Alitandikisha kitanda cha pili chumbani mwake, akakataza mtu kukikalia.

"Ulipata kibali?" dada aliniuliza. "Mbona hukutwambia?"



Binti yangu alikuwa mezani na madaftari yake, akisikia kila neno kwenye spika. Nilipokata simu aliacha kuandika. Kiswahili huwa hakitaki, lakini siku hiyo alikitafuta, polepole.

"Mama, mimi si… mimi sikusema vile."

"Najua, mwanangu."

"Bibi alijua?"

Nikamwambia sijui. Ndiyo kweli yenyewe. Mpaka leo sijui. Akasogeza kiti chake karibu na changu, tukamsomea bibi yake Fatiha. Hiyo aliijua yote.