Mfungwa Aliyekula Panya

Banda la video la Magomeni, Mtwara, lilinuka soksi zilizolowa, mkojo wa ukutani na bisi zilizoungua. Nilikuwa na miaka kumi. Baba, karani wa bandarini, alikuwa ametuleta mji huo kutoka Bukoba. Kila Jumamosi mchana mimi na Kosmasi, rafiki yangu Mmakonde, tulibanana mle kuangalia mkanda uleule uliochakaa: wafungwa wa vita, mbavu nje, kambini msituni. Watu wazima waliujua wote kwa kichwa na bado walisukumana mlangoni. Walichokingoja ni pale mfungwa anapokamata panya na kumtafuna mbele ya askari, uso umekunjamana kama tambara la deki. Nadhani aliyeutengeneza mkanda alitaka tutapike. Banda letu lilimkosoa mfungwa kwa mapishi.

“Hata moto hajamwonyesha!”

“Na huyo wa chooni, wewe! Wa shambani ndiyo nyama.”

Mimi nilichokipenda ni ule uso. Niliuiga darasani, niliuiga kanisani padri akihubiri, wenzangu wakacheka mpaka nikavimba kichwa.

Jumapili moja Kosmasi akanipeleka kwao. Bibi yake alitutengea ugali wa muhogo na panya wa shamba, aliyekaushwa kisha akaungwa kwa nazi. “Kula, mjukuu wangu. Huyu nilimweka kwa ajili ya mgeni.” Nikamwinua kwa mkia, nikakunja uso wa mfungwa, nikajifanya natapika, uwee! Nikasubiri kicheko. Bibi akaivuta sahani taratibu, akaifunika kwa kawa.

“Basi, baba. Usijilazimishe.”

Nje Kosmasi hakunipiga. Afadhali angenipiga.

“Kwenu mlinipa senene,” alisema. “Panzi, bwana, na macho yao! Nilitaka kuwatema. Lakini mama yako alikuwa ananiangalia, nikasema watamu, nikaomba wengine.”

Jumamosi iliyofuata hakunipitia, wala nyingine yoyote.

Sasa niko kidato cha tatu. Mkanda umegeuka sidii, watu bado wanajaa, bado wanabishania chumvi ya yule panya. Kosmasi hukaa benchi la mbele; tunapeana “mambo” na “poa”, basi. Panya akikamatwa banda zima linapiga mbinja, na mimi nauona uso wangu mwenyewe pale kwenye kioo cha runinga, mchafu, umekunjamana. Lakini yule mfungwa alisukumwa na njaa. Mimi nilikaribishwa.